Samaki Mgeni Katika Tangi la Matumbawe



Baba mmoja wa hapa mjini ametuletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni la mchezo, kumbe limeitia nyumba yake katika mashauri ya majuma mawili. Sebuleni pake pana tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kina cha sentimita 40. Ndani yake mna maji ya chumvi, mawe, matumbawe laini, samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari mitatu myeupe, gobi mmoja aishiye shimo moja na kamba wake, na kamba mwingine mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, yule asafishaye miili ya samaki. Viumbe hao wamekaa kwa amani mwaka mzima. Sasa baba amemwahidi bintiye samaki mmoja zaidi, na binti amekwisha kumchagua: anamtaka kangaja wa buluu. Muuzaji amesema hapana tabu yoyote. Mama wa nyumba, ambaye ndiye awalishaye samaki hao kila siku, amesema tangi limejaa. Baba auliza ni nani mwenye haki.

Tuseme tangu mwanzo kwamba muuzaji amekosea, na kwamba mama ameukaribia ukweli kuliko wote.

Hebu tupige hesabu. Vipimo vya tangi hilo vikizidishwa vyatupa lita 112. Lakini hizo ni lita za tangi tupu. Ukiyaondoa mawe, mchanga na ile nafasi iachwayo juu, maji yenyewe hayazidi sana lita 90, yaani ndoo nne na nusu za lita 20. Bahari haijui kinyesi cha samaki mmoja. Ndoo nne na nusu zakijua vizuri sana. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria waishio katika mawe na mchanga huigeuza amonia hiyo kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza naitriti kuwa naitreti, isiyodhuru upesi na ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Idadi ya bakteria hao hulingana na uchafu uliopo. Ukiongeza samaki mmoja mdogo, nao huongezeka katika siku chache. Ukiongeza watatu kwa pamoja, au mmoja mkubwa mlafi, sumu huwatangulia. Ndiyo sababu katika tangi kama hili aongezwe samaki mmoja tu, awe mdogo, kisha pasubiriwe hata majuma kadhaa yapite.

Kangaja wa buluu hafai kwa hesabu hiyo. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, mwili wa buluu iliyokolea na mkia wa manjano, na mtoto yeyote amwonaye humpenda papo hapo. Samaki huyo alijulikana sana duniani kwa ile sinema ya Finding Nemo ya mwaka 2003, na ile iliyoifuata mwaka 2016 ambayo samaki huyo alikuwa ndiye mhusika mkuu. Lakini akikua hufikia sentimita 30. Ni samaki wa kuogelea kutwa juu ya mwamba, akitafuta vijidudu vya maji na mwani, na penye shina la mkia ana mwiba mkali kama wembe, kama walivyo kangaja wote. Mtie katika tangi la sentimita 80, nawe utakuwa umemfunga mkimbiaji ndani ya kabati. Hudhoofika, huingiwa na maradhi ya ngozi kwa urahisi, na maradhi yake hayamwishii yeye peke yake.

Binti huyo na aambiwe jambo la kumfurahisha: kangaja wa buluu yumo pia katika miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, na mwenye miwani ya kuzamia aweza kumwona akiwa huru. Kinyume chake, wale wawili wa rangi ya machungwa ambao baba anao sasa si wa kwetu hata kidogo. Aina hiyo hukaa mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Jamaa zao wa pwani yetu ni wengine, mmoja mwenye mstari mweupe mmoja tu upitao mgongoni kutoka mdomoni hadi mkiani, na mwingine mwenye mikanda miwili myeupe na mkia mweupe. Mambo haya hayafundishwi na sinema.

Wala usidhani, ndugu msomaji, kwamba udogo ni upole. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kikande, bunju, mkunga na chewa kila mtu anajua hawafai, kwa kuwa midomo yao na meno yao vyajieleza vyenyewe: kamba wote wangekwisha kwa usiku mmoja. Hatari imo kwa wale wadogo wazuri. Yuko kisamaki wa mistari sita, zambarau na rangi ya machungwa, ambaye hazidi urefu wa kidole. Muuzaji humsifu kwamba hula minyoo waudhio matumbawe, na hilo ni kweli. Lakini akishalizoea tangi dogo hulifanya milki yake, akamfukuza kila aingiaye baada yake, na mara nyingine hata waliomtangulia. Yuko pia yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, ambaye angali mtoto hujificha katika anemoni kama yatima. Akikua huwa jabari wa mtaa mzima. Na wako wale wa kijani kibichi ambao baharini huogelea makundi makubwa kama wingu. Mtu hununua watano akitaka kuliona wingu hilo nyumbani kwake. Katika tangi dogo wingu halipatikani. Mkubwa humsumbua mdogo kupita wote hadi afe, kisha humgeukia anayefuata, na baada ya miezi kadhaa hubaki mmoja.

Basi kabla ya kumtazama mgeni, watazame wenyeji. Wale wa rangi ya machungwa ni mke na mume, na unyumba wao una mpango wa ajabu. Samaki wa jamii hiyo huzaliwa madume wote. Katika kila kikao mkubwa kuliko wote hugeuka kuwa jike, na anayemfuata kwa ukubwa huwa dume lake. Jike likifa, dume hilo hugeuka kuwa jike naye mwingine hupanda daraja. Ukiwaletea wa tatu wa jamii yao, utakuwa umeleta mdai cheo. Waswahili walisema fahali wawili hawakai zizi moja; hapa tungesema majike mawili. Watampiga mgeni mpaka ajibanze katika pembe ya juu ya kioo, na huko hatadumu.

Gobi naye ana mkataba wake. Kamba aishiye naye ni kama kipofu, lakini ni mchimbaji hodari: kutwa hutoa mchanga shimoni kama kibarua wa kisima. Gobi hukaa mlangoni akilinda, na kamba hutoka akiwa ameugusisha upembe wake mmoja mwilini mwa gobi. Gobi akitikisa mkia, wote wawili hutoweka. Kumleta samaki mwingine wa kukaa chini na kutaka shimo ni kuvuruga nyumba hiyo, hasa akiwa amefanana na gobi kwa umbo.

Jambo hilo la kufanana yafaa lishikwe. Samaki wa mwamba humwona adui zaidi katika yule anayefanana naye kwa umbo, rangi, chakula au makao, kwa kuwa ndiye atakayemnyang'anya riziki. Asiyefanana naye mara nyingi humpuuza. Ukilitazama tangi la baba huyu utaona chini pana mwenyewe, na pembe moja yenye matumbawe laini imeshikwa na mke na mume. Palipo wazi ni katikati ya maji, mbele ya mawe. Mgeni afaaye ni yule atakayekaa hapo, mdogo, mwenye mdomo usioweza kummeza kamba, asiyedonoa matumbawe, na asiye na tamaa ya kutawala.

Tumepata wawili wenye sifa hizo. Wa kwanza wataalamu humwita Nemateleotris magnifica, na wauzaji humpa jina lenye maana ya samaki wa moto. Nusu yake ya mbele ni nyeupe kama maziwa, kisha rangi hugeuka kidogo kidogo kuwa nyekundu mpaka mkiani, utadhani amechovywa katika makaa. Mgongoni ana uti mmoja mrefu ambao huuinua na kuushusha kama mtu apungaye leso. Hazidi sentimita tisa. Hupatikana tangu pwani ya Afrika Mashariki hadi ndani kabisa ya Pasifiki. Maisha yake ni kuelea palepale juu ya ufa wake, akielekea mkondo wa maji na kudaka vijidudu vipitavyo. Hamgusi kamba, hagusi tumbawe, hagombani na yeyote ila wa aina yake. Kwa hiyo anunuliwe mmoja, au wawili waliokwisha kuoana dukani. Ila lake ni woga. Akishtuka huruka, na tangi lisilo na kifuniko humtoa akafia sakafuni kabla mtu hajaamka. Wavu wa matundu madogo, usiozidi nusu sentimita, uliokazwa kwenye fremu ya mbao juu ya tangi, humaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo, na hewa hupita.

Wa pili ni samaki wa visiwa vya Banggai, karibu na Sulawesi huko Indonesia. Ni wa rangi ya fedha, mwenye mikanda myeusi na mapezi marefu yenye madoa meupe, naye hana papara. Huweza kusimama mahali pamoja kama kitu kilichotundikwa. Alielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1933. Dume lake huyabeba mayai kinywani, na muda huo wote halili, mpaka watoto watoke wakiwa samaki kamili. Kwa sababu watoto hao hawapeperushwi na maji kama wa samaki wengine, aina hiyo imebaki katika eneo dogo sana la dunia, na uvuvi wa biashara ya matangi uliipunguza hata ikaingizwa mwaka 2007 katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuzalishwa na wafugaji. Anayemtaka na asimnunue ila aliyezaliwa katika tangi. Muuzaji asiyeweza kusema alikozaliwa, mwachie mwenyewe.

Katika hao wawili, sisi tungemchagua wa kwanza kwa nyumba hii. Rangi yake itamridhisha binti, mwendo wake utampa kitu cha kutazama, na makao yake ndiyo hasa yaliyo wazi.

Kuna wengine wawili ambao baba ataonyeshwa, tena kwa maneno matamu, naye hana budi kuwakataa. Mmoja ni mandarini, ambaye nakshi zake za buluu na machungwa hazina mfano. Yeye hula vijidudu hai vidogo mno vitambaavyo juu ya mawe, kutwa nzima, kidonge kimoja kimoja. Katika tangi dogo huvimaliza, kisha hukonda mbele ya macho ya wenyewe huku chakula cha kawaida kikimpita. Wa pili ni yule samaki mwembamba msafishaji, mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye baharini huweka kituo chake na samaki wakubwa kwa wadogo wakaja kupanga foleni ili awatoe wadudu. Wateja wanne au watano hawamtoshi. Isitoshe, kamba msafishaji wa nyumba hii anayo kazi hiyo tayari.

Ama kuhusu kununua, usimlipie samaki uliyemwona leo tu. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Samaki asiyekula dukani, ambako amezoea, hatakula kwako. Tazama kama tumbo limeingia ndani, kama anapumua kwa haraka kuliko wenzake, kama jicho lina ukungu. Uliza alikamatwaje. Huko Filipino na Indonesia wavuvi wengi wa samaki wa matangi wametumia sainaidi, sumu ipulizwayo katika nyufa za mwamba ili samaki walewe. Samaki huweza kuishi siku kadhaa akaonekana mzima, kisha akafa, na matumbawe yaliyopuliziwa hufa pia. Na mtu asijidanganye kwamba ataepa yote hayo kwa kwenda kujivulia mwenyewe katika miamba ya hifadhi. Kisiwa cha Chumbe, kule Unguja, hakikuwekwa chini ya ulinzi kwa ajili ya kujaza matangi ya mijini. Miamba ya bahari yetu iliumia vya kutosha mwaka 1998, joto la maji lilipopanda na matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi yakageuka meupe na kufa.

Sasa tufikie jambo ambalo tungependa baba alisome mara mbili. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika tangi la samaki mambo yaweza kuwa kinyume: mgeni huja, na mwenyeji hufa. Maradhi yatishayo zaidi ni yale ya madoa meupe, kama chembe za chumvi zilizonyunyizwa juu ya mwili. Chanzo chake ni kidudu ambacho hula katika ngozi na mashavu ya samaki kwa siku chache, kisha humwacha, hushuka chini, hujifunika gamba, hujigawa ndani yake, na baadaye hutoa watoto wengi sana waogeleao kutafuta samaki. Baharini wengi wao hupotea. Katika lita 90 hawapotei. Mwenye tangi huona madoa yameondoka akashukuru, kumbe ndio kwanza yanaongezeka.

Dawa ipo, nayo ni shaba iliyopimwa kwa uangalifu. Lakini shaba huua kamba, konokono na matumbawe. Maana yake ni kwamba mgonjwa akishaingia katika tangi la matumbawe hatibiki humo. Itabidi samaki wote wavuliwe na kutibiwa kwingine, na tangi likae bila samaki hata mmoja kwa majuma mengi mpaka vidudu vife kwa njaa. Jaribu kumvua gobi mwenye shimo bila kuyabomoa mawe yote, nawe utaelewa kwa nini tunasisitiza.

Kwa hiyo mgeni aanze kwa kukaa peke yake. Hapahitajiki fahari. Beseni kubwa la plastiki au tangi la lita 40 latosha, likiwa na kichujio cha sifongo, kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia, na kifuniko, kwa maana tumekwisha kusema kwamba huyu huruka. Sifongo ilazwe mapema katika tangi kubwa ili bakteria waingie. Akae humo majuma manne, na yakiwa sita ni bora zaidi. Kila siku atazamwe ngozi, pumzi na hamu ya kula. Ndoo, wavu na mipira ya maji vitumikavyo huko visitumike katika tangi kubwa. Binti aweza kupewa daftari aandike ayaonayo. Kazi hiyo yamfaa, na itazipunguza siku za kungoja.

Siku ya kuhama ikifika, pima chumvi na joto la maji ya pande zote mbili. Chumvi ya maji ya bahari ni uzito wa 1.025 hivi, na joto la nyuzi 25 au 26 lafaa. Katika miji ya pwani wakati wa kiangazi tatizo si kuyapasha maji bali kuyapoza, na feni ndogo ipulizayo juu ya maji husaidia sana, ila maji hupungua na chumvi huzidi, basi pajaziwe maji baridi yasiyo na klorini. Tofauti ikiwapo, maji ya tangi kubwa yaongezwe kidogo kidogo katika chombo cha mgeni kwa muda wa saa nzima. Taa zizimwe. Wenyeji wapewe chakula kwanza ili washibe. Mgeni atiwe ndani ya kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kitundikwe ndani ya tangi, akae humo siku mbili au tatu, waonane bila kugusana. Baadhi ya mawe madogo yahamishwe kidogo, ili wenyeji nao wajione wamo katika mtaa mpya.

Akifunguliwa, jike la rangi ya machungwa litamfukuza. Likimfukuza kwa hatua chache kisha likarudi kwake, acheni. Mapezi yakianza kuraruka, au mgeni akishindwa kutoka ufani hata wakati wa kula, mrudisheni kisandukuni kwa juma jingine.

Jambo moja limebaki, nalo ni umeme. Maji ya joto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi, na kila samaki aongezwaye huifupisha saa ya hatari pale pampu inaposimama. Baba na anunue pampu ndogo ya hewa itumiayo betri kabla hajamnunua samaki. Bei yake ni ndogo kuliko ya mgeni mwenyewe, nayo iwekwe mahali ambapo hata mtoto ataipata gizani.

Na mama aendelee kulisha, kwa kuwa ndiye ajuaye kiasi. Kwa majuma mawili ya kwanza agawe chakula kile kile mara tatu kwa siku badala ya mara moja, kidogo kidogo, kikiwa kimesagwa hasa, maana samaki wa moto ana mdomo mdogo na hula kinachopita mbele yake tu. Kilichoanguka chini hakifuati. Gobi atakiokota.